Kifaa kinatenganisha vijishanga vizuri, seli hai zinakosea njia

Mpima_seli:

Wakuu, nimekwama, hii ni wiki ya tatu. Nina kifaa cha kutenganisha seli kwa ukubwa, cha PDMS (aina ya silikoni), chenye msitu wa nguzo ndogo ambazo kimiminika kinapita katikati yake. Mwanya kati ya nguzo ni maikromita 30, na kila safu imesogezwa kando sehemu 1 ya 10 ya umbali wa nguzo hadi nguzo. Kwa hesabu, chenye kipenyo kinachozidi maikromita 14 kinasukumwa pembeni na kutokea kulia, kidogo kuliko hapo kinafuata mkondo na kutokea kushoto.

Vijishanga (vitufe vidogo vya plastiki) vya polistirini vya maikromita 10 na 20 vilijitenga kabisa. Nikaingiza seli za saratani nilizokuza mwenyewe, wastani maikromita 17, zikiwa zimechanganywa na seli nyeupe za damu. Karibu nusu ya zile za saratani zinatokea kushoto! Na ikifika nusu saa, nguzo za mwanzo zimeshajaa vishungi vya seli. Nimetengeneza kifaa kingine, hali ni ile ile. Nimekosea wapi?

Fundi_mifereji:

Usanifu wako hauna kosa. Nimeirudia hesabu: 1.4 mara mwanya, mara 0.1 kwa kipeo cha 0.48, inatoka 13.9. Lakini fomula hiyo ni ya tufe gumu, na seli hai haigomi kubonyea. Kijishanga kikigusa nguzo kinabaki na kipenyo chake. Seli ikigusa, mkondo unaikandamiza, inarefuka, na kinachoamua njia yake ni ule upana uliopungua. Ndiyo maana seli nyekundu ya damu, yenye kipenyo cha karibu 8, mara nyingi hupita kama kitu kidogo zaidi, kwa sababu unene wake ni kama 2 tu na ni laini mno.

Hata hivyo, mimi nina shaka zaidi na huo wastani wako. Piga picha kwenye hadubini, pima seli 200 moja moja, uchore mgawanyo wake. Nilipofanya hivyo kwa seli zangu nilikuta zinaanzia 11 hadi 24. Ile ya 11 hakuna nguzo itakayoipeleka kulia, na si kosa la kifaa. Halafu kumbuka monositi ni kubwa kuliko limfositi, kwa hiyo kundi lako la seli nyeupe nalo lina wakubwa wake.

Ukitaka kujua mkosaji ni nani, punguza kasi ya pampu hadi robo na usiguse kitu kingine chochote. Zikipungua zinazokosea njia, zilikuwa zinabonyezwa. Zisipopungua, ni udogo wa seli zenyewe.

Vishungi vishughulikie kabla ya kifaa. Weka EDTA (kemikali inayokamata kalsiamu) milimola 2 kwa lita kwenye kimiminika, maana kalsiamu inasaidia seli kushikana. Seli zilizokufa zinamwaga DNA, nayo inanata kama gundi, kwa hiyo ukiona nyuzinyuzi tumia kimeng'enya cha kuikata. Chuja kwa wavu wa maikromita 40 dakika ya mwisho kabisa, si asubuhi ukaja kuzitumia mchana. Na PDMS tupu hunasa protini na seli: pitisha albumini (protini ya kufunika kuta) asilimia 1 kwa nusu saa kwanza. Usilichukulie hili kama usafi tu. Nguzo chache zikiziba, mkondo unapinda, na hapo hata seli ya ukubwa sahihi inapotea.

Nyuzi_tatu:

Naongezea kwa mkuu hapo juu. Bomba la sindano umelilaza? Seli ya ukubwa huo huzama takribani sentimita 1 kwa dakika 20, na kubwa ndizo zinazotangulia. Kwa hiyo mchanganyiko unaoingia dakika ya 40 si ule uliouhesabu mwanzoni. Lisimamishe, mdomo chini, na ulizungushe taratibu kila baada ya dakika chache.

Kama una mililita nyingi za kupitisha, fikiria mfereji wa mzunguko, uliojikunja kama konokono. Watafiti Segré na Silberberg walionyesha mwaka 1961 kwamba chembe ndani ya mrija hujipanga zenyewe kwenye duara, na mfereji ukipinda ukubwa ndio unaoamua kila moja itulie wapi. Hauna nguzo za kuziba.

Fundi_mifereji:

Kweli, ila atalazimika kuzimua sana, seli zikisongamana zinasukumana kutoka kwenye mistari yake. Kwa sampuli ndogo ningebaki na nguzo.

Mpima_seli:

Wakuu, nimerudi. Nimepima 200: karibu robo ziko chini ya 14, sikutegemea kabisa. Kwa robo ya kasi zinazotokea kushoto zimepungua, ila hazijaisha, na zilizobaki huko nyingi ni hizo ndogo. Kumbe ni yote mawili. EDTA na albumini vimeondoa vishungi, nimeendesha saa moja na nusu nguzo zikiwa safi.

Zilizotokea kulia nimezipaka tripani bluu, rangi inayoingia seli zilizokufa, na nyingi hazikuinywa, yaani ziko hai. Nimezirudisha kwenye sahani, na leo asubuhi zimeshika chini na kuanza kutandaa.

Fundi_mifereji:

Safi sana! Sasa chora kifaa cha pili, mwanya maikromita 26, kizingiti kitashuka hadi 12. Ila hesabu na seli nyeupe zitakazovuka kuja kulia, usiangalie za saratani peke yake.