Maharage kwenye gesi: yanamaliza mtungi, au tunayapika vibaya?

HOJA: Mkakati wa Taifa unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Hata hivyo nyumba nyingi zenye mtungi bado zina jiko la mkaa uani, kisa maharage na makande. Je, mkaa ubaki kwa vyakula vigumu? Leteni hesabu.

MAMA LISHE: Ubaki. Kilo ya maharage makavu kwa moto mkubwa ni saa tatu. Jiko likila gramu 200 za gesi kwa saa, hapo zimeondoka 600. Mtungi wa kilo 6 ni sufuria kumi tu, chai na wali bado! Halafu mkaa unapimiwa hata kopo moja. Gesi unatoa hela ya mtungi mzima kwa mkupuo.

FUNDI MAJIKO: Dada, hesabu yako ni sahihi, mapishi ndiyo yenye kasoro. Maji yakishatokota hayaongezeki joto hata ufungulie moto wote. Unazalisha mvuke tu. Loweka saa 8 hadi 12, mwaga maji yale, weka mengine yapite maharage vidole vitatu. Yatokote kwa nguvu dakika 10, funika, kisha shusha moto hadi uone yanachezacheza tu. Saa moja hadi moja na nusu yameiva, na gesi iliyotumika haifiki hata gramu 200. Moto ukiwa wa njano na sufuria inashika masizi, matundu ya hewa yameziba: yasugue kwa brashi kavu.

MPISHI WA SHULE: Kuna maharage yanalowekwa na bado hayaivi. Mara nyingi ni ya zamani, yamekaa stoo yenye joto hadi yamekakamaa, au maji ni ya kisima yenye chokaa. Kosa jingine ni nyanya au ndimu kuingia mapema. Tindikali inakaza ganda. Pasua moja kwa kucha: katikati pakiwa peupe kama chaki, nyanya isubiri. Magadi, robo kijiko cha chai kwa kilo inatosha. Ukizidisha, mchuzi unanuka sabuni na vitamini B1 inapotea.

FUNDI MAJIKO: Na Mbeya si Dar. Kule juu maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi, kwa hiyo maharage yanachelewa. Sufuria ya presha inamaliza kwa dakika 20 hadi 25 tangu ishike presha. Usijaze kupita nusu, maana povu huziba tundu la mvuke.

MAMA LISHE: Kwa maharage nimekuelewa. Hela ya mkupuo hujaijibu, na anayeishi kwa kibarua cha siku hana akiba ya mtungi.

FUNDI MAJIKO: Hiyo hoja ni nzito, siipingi. Mitungi yenye mita ya kulipia kidogo kidogo ipo, ila haijafika kila mtaa, na hapo serikali ndipo iweke nguvu kuliko kugawa mitungi ambayo ikiisha inageuzwa stuli.

MPISHI WA SHULE: Wakati tunasubiri, tumieni kapu lililojazwa matambara na blanketi: sufuria ikitoka motoni inachemka, ifunikeni humo kwa muda wa saa nne. Ila maharage mekundu lazima yatokote zile dakika 10 kwanza. Yana sumu ambayo joto la kapu pekee haliiondoi, na mlaji hutapika ndani ya saa chache.