Wezi wa korosho: mnatuimbia "adhabu kali", kwani nani anakamatwa?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Juzi usiku wameniokotea korosho tena. Mara ya tatu msimu huu, shamba lile lile, huku Newala. Asubuhi nakuta mabibo, yale matunda yanayobeba korosho, yamekonyolewa, yamelala matupu chini ya mikorosho, na alama za kandambili zinaelekea njia ya bodaboda. Naenda kituoni, naambiwa nilete hela ya mafuta ya pikipiki.

Halafu jana mkutanoni kiongozi mmoja anasimama na kutuambia dawa ni vifungo virefu, eti mwizi akipiga hesabu ataona hailipi.

Hesabu gani? Nadharia hiyo tulifundishwa chuoni: mhalifu ana akili zake, anapima atakachopata na atakachopoteza, kisha anaamua mwenyewe. Gary Becker, mchumi wa Marekani, aliiweka kwenye hesabu kabisa mwaka 1968. Ila hakuishia kwenye ukubwa wa adhabu, aliweka na uwezekano wa kukamatwa. Na Beccaria, mwanafalsafa wa Kiitaliano, alishasema tangu 1764 kwamba uhakika wa adhabu unamzuia mtu kuliko ukali wake. Hawa wetu wamebeba nusu, nusu wameiacha njiani. Zidisha miaka 30 kwa sifuri, niambie umepata ngapi!

Na hata ikibebwa nzima inavuja. Inachukulia kwamba mtu anaijua sheria, anajua atakamatwa au la, na kichwa kimetulia. Mwaka juzi tulimnasa kijana wa jirani chini ya mkorosho wangu, ananuka uraka, pombe ya mabibo, mkononi kiroba hata kilo 4 hazifiki. Nikamuuliza, unajua wizi una kifungo cha miaka mingapi? Akanitazama: "Kwani mjomba, hata za kuokota chini zina kifungo?" Hakuwa anatania. Alishapatana na mtu wa kangomba, hawa wanaonunua korosho kimagendo, alipwe usiku ule ule.

Sasa huyo wa kangomba ndiye mwenye hesabu zake! Hanywi uraka, bei ya mnada anaijua, wa kuonana naye anamjua. Nadharia imemkaa kama kanzu ya kupimwa, na ndiye asiyeguswa.

Wa Tandahimba, Masasi, Ruangwa: kuna aliyewahi kuona mnunuzi wa korosho za wizi akipandishwa kizimbani? Nitajieni kijiji tu. Mimi leo nalala shambani na tochi.