Naomba ushauri: matumizi ya kitenzi "hurl" cha Kiingereza

Ndugu wanalugha, naomba ushauri wenu kuhusu kitenzi "hurl", ambacho mara nyingi hufasiriwa kuwa "tupa", ingawa kina nguvu kubwa kuliko hiyo. Anayetupa taka jalalani hawezi kuelezwa kwa kitenzi hicho, ila mwandamanaji anayerusha mawe kwa hasira na kwa nguvu zake zote anastahili. Kwa maana hiyo naona "vurumisha" ndicho kinachokaribiana nacho zaidi.

Kinachonisumbua ni pale kinapotumika kwa matusi na tuhuma, kwa kuwa sisi tumezoea kusema kwamba mtu ameporomoshewa matusi. Je, "kuvurumishiwa matusi" ni Kiswahili fasaha, au kinanuka tafsiri? (Maana ya kutapika, iliyopo katika lugha ya mitaani, hasa Marekani, naiweka kando.)

Naomba pia msaada wa kukitenganisha na "hurtle", ambacho kwa kawaida hakichukui yambwa (yaani mtendwa), kama tunapoeleza lori lililokatika breki na kuteremka mlima kwa kasi ya kutisha pasipo kurushwa na yeyote. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili huvichanganya mno. Mwenye sentensi nzuri za mfano tafadhali aniandikie.