Mjadala: Japan wajaribu tena kuunda ndege yao ya abiria, au wabaki kuwatengenezea Boeing vipande?

MLETA MADA

Wakuu habari za muda huu, naomba hili tulijadili kwa utulivu. Machi 2024 serikali ya Japan kupitia wizara yao ya uchumi na viwanda ilitoa mpango wa kuunda ndege mpya ya abiria ifikapo kama 2035 hivi, serikali na makampuni wachange kwa pamoja, na hesabu iliyotajwa ni karibu yen trilioni 5 ndani ya miaka 10. Haya yanasemwa mwaka mmoja tu baada ya Mitsubishi Heavy Industries kuufuta rasmi mradi wa ndege yake ya abiria, SpaceJet, tarehe 7 Februari 2023, mradi uliokula kama yen trilioni 1 na haukukabidhi hata ndege moja kwa mteja. Watu wengi wanasema hiyo hela ni ya kutupa. Mimi nasema wajaribu tena, na waanze sasa hivi.

Tukumbuke walikotoka. Vita vilipoisha 1945 Japan ilipigwa marufuku kutengeneza ndege, hata utafiti, mpaka 1952, na hiyo ndo miaka ambayo wenzao walikuwa wanahama kutoka pangaboi kwenda jeti. Wahandisi wa ndege wakakimbilia kwenye magari na treni, kampuni ya Nakajima iliyokuwa inaunda ndege za kivita ndo chimbuko la hizi Subaru tunazopishana nazo barabarani. Walipofunguliwa wakaunda YS-11, pangaboi ya injini mbili za Rolls-Royce Dart, ikaruka mara ya kwanza 30 Agosti 1962, na kwenye timu ya dizaini alikuwepo Jiro Horikoshi yule yule aliyeidizaini Zero, ndege ya kivita ya Japan ya Vita Kuu ya Pili. Ziliundwa 182, zikauzwa mpaka Marekani, Brazil na Ugiriki, ila biashara ilikuwa ya hasara na miaka ya 70 mwanzoni wakafunga. Baada ya hapo kimya mpaka 2008 Mitsubishi walipozindua MRJ ambayo ndo baadaye wakaibatiza SpaceJet. Zaidi ya miaka 30 hapo katikati hakuna ndege ya abiria ya kwao.

Sasa piga picha kijana mhandisi pale Nagoya, mji wenye viwanda vya Mitsubishi, 2008, ofisi nzima hakuna mzee wa kumuuliza "hivi nyie mlipowapelekea wakaguzi waliuliza nini?" Na mamlaka yao ya anga nayo ilikuwa haijakagua ndege ya abiria ya kwao tangu YS-11. Ndege iliruka vizuri tu 11 Novemba 2015, watu wakashangilia, halafu Januari 2017 wakatangaza kuchelewa tena, na sababu inauma ukiisoma. Masharti ya usalama yanataka tukio moja, tuseme bomu au maji kuvuja, lisiweze kuzima mifumo yote muhimu kwa mpigo. Wao vile vyombo vya elektroniki walikuwa wamevipanga kwa namna isiyokidhi hilo sharti, kwa hiyo ikabidi vihamishwe, na ukihamisha vyombo lazima upitishe nyaya upya. Ndege ilishakuwa inaruka hiyo! Kukabidhi kukasogea kutoka 2018 kwenda 2020. Jumla walisogeza tarehe mara sita, ahadi ya kwanza kabisa ilikuwa 2013.

Hesabu za kurusha ndege hewani wanazijua kuliko mataifa mengi, walichokosa ni watu waliowahi kupita ile njia. Na sasa hivi hao watu wanao, wamerusha majaribio zaidi ya saa 3,900, wanajua kila swali la mkaguzi. Wakikaa miaka 30 mingine hawa nao watastaafu na tutarudi pale pale. Karibuni.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mleta mada nakuheshimu lakini hapa umeongea kwa mapenzi. Japan hawahitaji ndege yenye jina lao, tayari wako ndani ya kila ndege kubwa. Boeing 787 karibu asilimia 35 ya bodi inaundwa na Wajapani, Mitsubishi wanaunda mabawa, Kawasaki sehemu ya mbele ya kiwiliwili, Subaru lile boksi la katikati linaloshika mabawa, na ile kaboni yenyewe ya kuundia bodi inatoka kampuni ya Toray, nayo ya Japan. Zinapakiwa Nagoya kwenye yale madege makubwa ya Boeing yenye tumbo zinapelekwa Marekani kuunganishwa. Dreamliner ya Air Tanzania unayoiona Dar mabawa yake yametoka huko. Hiyo ni biashara ya uhakika, unalipwa bila kubeba mzigo wa kutafuta wateja, kugombana na wakaguzi, kusambaza spea dunia nzima na kufundisha marubani. Mitsubishi walitaka vyote hivyo kwa mkupuo wakaungua. Halafu mteja wako mkubwa ni Boeing, unaanzaje kushindana na anayekulisha?

Na tusisahau nchi inazeeka, hela ya umma kule ina kazi nyingi. Trilioni 5 ni nyingi kaka.

MCHANGIAJI WA PILI

Naunga mkono mchangiaji wa kwanza ila kwa sababu tofauti. Mleta mada kasema tatizo lilikuwa cheti, yaani kibali cha wakaguzi wa usalama, mimi naona tatizo kubwa zaidi lilikuwa soko na hawakulisoma vizuri. Soko la ndege za viti 70 mpaka 90 liko Marekani, na Marekani mashirika makubwa yana mikataba na vyama vya marubani wao inayosema ndege za mashirika madogo yanayowabebea abiria zisizidi viti 76 na uzito wa kuruka usizidi pauni 86,000, ambayo ni kama tani 39. MRJ90, toleo la MRJ waliloanza nalo, lilikuwa linazidi huo uzito. Walikuwa wanategemea hiyo mikataba italegezwa, marubani wakakaza. Mashirika madogo ya Marekani, SkyWest walishaweka oda ya ndege 100, Trans States 50, na ndege yenyewe waliyoiagiza isingeruhusiwa kwa mikataba ile. Ndo maana 2019 wakaja na toleo dogo la M100 la kuendana na masharti, mwaka huo huo Trans States wakajitoa, 2020 korona ikaja, Oktoba mradi ukasimamishwa.

Yaani unatumia miaka zaidi ya kumi unaunda kitu ambacho mteja wako mkuu amefungwa kwa mkataba asikitumie. Hili halihusiani na uzoefu wa wahandisi, ni bodi ya wakurugenzi kucheza kamari na sheria za watu wengine.

MLETA MADA ANAJIBU

Mkuu wa pili hoja yako ni nzito na nakubaliana na kila ulichoandika kuhusu uzito, hata ndege ingepata cheti ingehangaika. Ila ona kwamba hata hilo ni tunda la kukaa nje ya biashara miaka 30. Embraer wa Brazil walikuwa wanaijua ile mikataba mstari kwa mstari maana wanawauzia Wamarekani kila siku, na E175 yao ndo imejaa kule. Mitsubishi soko walilisoma kwenye ripoti.

Mkuu wa kwanza, kuhusu vipande. Hiyo biashara ya uhakika unayoisema waulize wao ilikuwaje Boeing walipopunguza kuunda 787. Korona ilipofika na baadaye Boeing wakasimamisha kukabidhi kwa ajili ya kasoro za viungo vya bodi, viwanda vya Nagoya vikakosa kazi wakati maamuzi hawana. Anayeunda bawa hapangi bei ya ndege, wala ziundwe ngapi kwa mwezi, hata akiona kasoro kwenye mpango mzima hana kiti mezani. Mimi hapo ndo panaponiumiza, nchi yenye uwezo ule kukaa miaka 50 inasubiri Boeing kule Seattle wapige simu.

MCHANGIAJI WA TATU

Mnazungumzia abiria tu mnaacha upande wa jeshi, na jibu liko huko. Someni habari ya F-2. Miaka ya 80 Japan walitaka kuunda ndege yao ya kivita wenyewe, Marekani wakabana, maana ugomvi wa biashara ulikuwa mkali na bunge lao lilikuwa limechachamaa, mwisho wakakubaliana wachukue F-16 waikuze kwa pamoja na karibu asilimia 40 ya kazi iende Marekani. Halafu wakanyimwa programu ya kuongozea ndege, ikabidi waandike ya kwao. Wakaiandika! Na bawa la kaboni wakaunda la kwao, na rada ya kisasa ya kuelekeza mawimbi bila kuzungusha antena wakaifunga kabla ya mtu mwingine yeyote kwenye ndege ya kivita iliyo kazini. Shida ikawa bei, kama yen bilioni 12 kwa ndege moja, wakanunua 94 za kazi badala ya zaidi ya 130 walizozitaka, na sheria zao za wakati ule hawakuweza kuuza nje hata moja. Tsunami ya 2011 ikazikuta 18 uwanja wa Matsushima, zikasombwa na maji, zikatengenezeka 13 tu.

Lakini ile shule haikupotea. 2016 wakarusha X-2 ya majaribio, 2018 kampuni ya injini ya IHI wakakabidhi injini ya XF9 yenye msukumo wa tani 15, na Desemba 2022 wakaingia na Uingereza na Italia kwenye GCAP, ndege ya kivita ya 2035, na kampuni ya pamoja kila mmoja ana theluthi yake. Machi 2024 baraza la mawaziri likaruhusu hata kuuza nje. Kwa nini waliacha kwenda na Marekani safari hii? Wanataka ndege ambayo wakitaka kubadilisha kombora au programu wanabadilisha wenyewe bila kuomba ruhusa. Kwa hiyo ushauri wangu hela waziweke huko, ndege ya abiria isubiri.

MCHANGIAJI WA NNE

Kaka hapo juu umeeleza vizuri lakini mimi kama mama mwenye watoto nina wasiwasi na hiyo njia. Katiba ya Japan kifungu cha 9 kinakataa vita, na wapo Wajapani wengi tu hawafurahii nchi yao kuanza kuuza ndege za kivita nje. Ukiiambia nchi kwamba ujuzi wa ndege utaishi kwa kutegemea jeshi peke yake, kesho lazima utafute wa kumuuzia silaha ili kiwanda kisife. Ndege ya abiria ina heshima yake, inabeba wagonjwa na wanafunzi na wafanyabiashara.

Pia mmemsahau Honda. HondaJet ni ndege ndogo ya watu wachache, injini zake zimekaa juu ya bawa, wataalamu walimcheka Michimasa Fujino na wazo lake lakini cheti cha Marekani kilipatikana Desemba 2015. Walianza utafiti 1986, na hawakung'ang'ania kuiunda Japan, walienda Greensboro, North Carolina, wakaajiri watu wa huko wanaojua wakaguzi wao, wakaanza na ndege ndogo. Mitsubishi walianza na kubwa, nyumbani, halafu wataalamu wa nje wakawaita kwa mamia mambo yalipokwisha haribika. Hapo kuna funzo mbona hamlisemi?

MCHANGIAJI WA KWANZA ANARUDI

Dada umesema kweli kuhusu Honda, ila hiyo ya Honda inanisapoti mimi, ile ni ndege ya Marekani yenye mwenye mali Mjapani. Na mleta mada hajajibu kuhusu fedha. Mchina ndege yake ya abiria ARJ21 ilichelewa hivyo hivyo lakini ana mashirika ya serikali yanayoambiwa nunua yananunua. Brazil waliianzisha Embraer 1969 kama kampuni ya serikali wakaibeba miaka 25 kabla ya kuibinafsisha. Japan nani atabeba? ANA wenyewe, shirika kubwa la ndege la Japan, waliokuwa wateja wa kwanza wa MRJ, Februari 2025 wametangaza kununua Embraer E190-E2, 15 za uhakika. Mteja wa nyumbani kashaondoka.

MLETA MADA ANAJIBU

Hiyo ya ANA iliniuma kuliko hata tangazo la kufuta mradi, nakubali kaka. Walisubiri tangu 2008, kampuni ya ndege haiwezi kuruka na ahadi.

Ila hiyo Embraer uliyoitaja ndo ushahidi wangu, maana hata Kenya Airways wanaruka na E190 za nchi ambayo 1969 hakuna aliyeidhania. Serikali yao ilibeba miaka 25 ikiwa maskini kuliko Japan. Mitsubishi walibeba karibu peke yao, serikali ilitoa kama yen bilioni 50 tu kwenye trilioni nzima, mzigo ukaiangukia kampuni moja yenye meli na mitambo ya umeme na mambo mengine chungu nzima ya kuangalia, wanahisa wakichoka basi. Mpango mpya unasema makampuni kadhaa kwa pamoja, na wazi kwa washirika wa nje, na mimi hapo nakubaliana na dada na Honda yake na pia na mkuu wa tatu na GCAP yake: wasiende peke yao. Wakae na mtu anayeuza ndege kila siku, wachukue theluthi au nusu, lakini wawe na kiti kwenye dizaini na kwenye meza ya wakaguzi.

Kuhusu injini nako wawe waangalifu. MRJ ndo ilikuwa ya kwanza kuchagua ile familia ya injini za gia za Pratt & Whitney, na sisi tunajua zilivyosumbua, Airbus A220 za Air Tanzania zilipaki 2022 kwa ajili ya injini za familia hiyo hiyo wakati bodi za ndege hazina shida. IHI wameweza kuunda injini ya Kawasaki P-1, ile ya doria ya baharini inayoruka na injini nne za kwao, sasa ya abiria inawashinda nini kama wakipewa muda na hela?

Na kitu cha kwanza kufanya hakihitaji trilioni 5. Wale wahandisi wa SpaceJet wametawanywa kwenye miradi mingine, na ndege za majaribio zilizokuwa Moses Lake, jimbo la Washington, zimeshavunjwa. Wawatafute hao watu mwaka huu, wawaweke jengo moja na wakaguzi wa mamlaka yao ya anga waliopitia nao ile kazi, wawalipe vizuri wafundishe vijana. Mkuu wa kwanza, hata wewe unayetaka wabaki na vipande, hilo nalo unalipinga?