MREJESHO: Pai ya maembe ya bibi imetoka

Habari zenu wadau. Niliuliza hapa bibi yetu wa Tabora aliwezaje kuoka pai ya maembe bila oveni, na kwa nini ya kwangu inalowa chini. Ahsanteni sana mliojibu.

Aliyesema embe lipikwe kwanza ndiye aliyenitoa gizani. Embe bivu lina maji mengi, ukiliweka hivihivi yote yanashukia kwenye unga. Nilichemsha vipande na asali ya miombo (sukari haifui dafu kwa harufu ile), nikatia kijiko cha unga wa muhogo hadi rojo likawa zito, nikaacha lipoe kabisa.

Ganda la pai: unga wa ngano gramu 250, siagi gramu 125, chumvi kidogo, maji baridi ya mtungini. Siagi inasuguliwa kwa ncha za vidole hadi unga uwe chengachenga. Usikande kama chapati, utakakamaa. Ukishatia rojo na kulifunika kwa ganda, toboa juu kwa uma, mvuke utoke.

Kuoka ni sufuria kubwa yenye mchanga mkavu, chombo cha pai juu ya mchanga, moto mdogo chini, makaa mengi umepalia juu ya mfuniko.

Shangazi alichukua kipande cha pembeni, akatafuna taratibu, kisha akaanza kutaja nani alikuwa akigombea ukingo ulioungua. Tangu msiba wa bibi hakuwa amemzungumzia mama yake kwa furaha namna ile. Tulikaa naye hadi usiku, na nimeyaandika yote kwenye daftari.

Dada uliyeuliza kuhusu mapera badala ya maembe: yanafaa, ila chuja mbegu kwanza.