Naomba ushauri: kuwaandaa walimu tarajali kwa shule za vijiji vyenye kipato duni

Ndugu wanajukwaa, ninasimamia mafunzo kwa vitendo ya walimu tarajali (wanafunzi wa ualimu) katika shule za msingi wilayani Bahi na Chamwino, mkoani Dodoma, ambako watoto wengi huzungumza Kigogo nyumbani na, hasa kabla mtama na uwele havijakomaa, baadhi yao huja darasani bila kula. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, lakini sare, madaftari na mchango wa chakula bado ni mzigo kwa wazazi, na mtoto asiye navyo huitwa mtoro au mvivu, jambo linaloniumiza sana. Maandalio ya somo tunayafundisha vizuri. Namna ya kuzungumza na mzazi wa mtoto huyo kwa heshima hatuifundishi. Mliowahi kufanya kazi hii, mwalimu tarajali akae kijijini muda gani, na nani amwongoze huko?