Mrejesho: yule wa PCB niliyeuliza kuhusu skolashipu

Wakuu salama? Mi ndo yule wa Kongwa niliuliza mtu kamaliza form six mchepuo wa PCB (fizikia, kemia, baiolojia), baba alishafariki, mama anauza mahindi Kibaigwa, aanzie wapi kutafuta skolashipu, na kama yule jamaa wa steshenari anayetaka elfu hamsini "akufanyie koneksheni" ni wa kweli.

Jamaa nimeachana nae. Mlisema kweli, Ashinaga (ile ya Wajapani, kwa waliofiwa na mzazi) kuomba ni bure, hawadai hata mia, dirisha lao likifunguka naingia, insha nishaanza kuiandika na inanitoa jasho kinoma.

Samia Skolashipu imenipita, ile wanabeba vichwa vya sayansi waliofaulu juu kabisa form six, Division One yangu haikufika huko, sijanuna.

Sasa kasheshe ilikuwa makaratasi jamani!! Bodi ya mikopo wanataka cheti cha kuzaliwa na cha kifo cha mzazi viwe vimehakikiwa RITA (wale wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo), mi cheti cha kuzaliwa jina la baba limeandikwa tofauti na vyeti vya shule, herufi moja tu, basi nenda kwa wakili, rudi, subiri, huku nauli ya Dodoma mjini inamtoka mama. Madogo mlioko form six hakikini majina sasa hivi, matokeo msiyangoje.

Mkopo umetoka, UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) wamenichukua. Kuna mwenye chumba cha kushea Ng'ong'ona?